Baridi ya Bondeni Haiulizwi Mlimani

Baridi ya bondeni haiulizwi mlimani. Ndivyo alivyosema yule mama wa bondeni jana kwenye mkutano wa maji, watu wa mlimani walipotaka kumpangia zamu zake, kisha akakaa. Nyinyi wajukuu zangu mlitazamana, na mmoja wenu akanong'ona kwamba labda mama wa watu alikuwa anazungumzia hali ya hewa. Nilicheka peke yangu. Sasa mmeniuliza, na kwa kuwa mnayo mahindi ya kupukuchua na hamwendi popote, nitawaeleza methali hii ilikotoka.

Watu wa pwani wanayo ya kwao: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni nzuri, siipingi. Lakini huku nyanda za juu kunguni hawajawahi kutunyima chakula. Baridi imetunyima. Kwa hiyo methali yetu ni ya baridi, na ilianzia kwenye bustani ya mboga ya mama yangu mzazi, Sigrada, mwaka alioteremka kuishi bondeni. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa mgongoni, basi msiniulize nakumbuka nini. Nilisimuliwa na mama, nikasimuliwa tena na bibi yangu mzaa baba, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana sana.

Zamani nyumba zote za kijiji hiki zilikuwa mlimani, na bustani zilikuwa nyuma ya nyumba hizo. Kipupwe kikiingia mwezi wa Juni, kila mwenye bustani alikuwa na kazi. Nyanya zilizokomaa zilichumwa zote. Magugu yaling'olewa, samadi ikatiwa, na juu ya kila tuta kikasimamishwa kichanja cha fito, kimo chake hakizidi goti. Jioni mtu alitandaza majani ya kangaga juu ya kichanja, yale majani marefu yenye meno yanayoota kando ya mto, na asubuhi akayaondoa ili mboga zipate jua. Yote hayo ni kwa sababu ya sakitu. Nyinyi mnaijua: umande unaganda juu ya majani unakuwa mweupe kama chumvi, halafu jua likiupiga, majani yanageuka meusi na kulegea kama yaliyochemshwa. Ndiyo maana tunasema mboga zimeungua, ingawa hakuna aliyewasha moto.

Kazi ya kufunika ni ya kuudhi, na ina wakati wake. Ukichelewa, mboga zinaungua. Ukiwahi mno, zinakosa joto la jioni, zinakuwa za manjano, na konokono wanahamia chini ya kangaga kama wamejengewa. Basi alihitajika mtu wa kutoa neno. Mtu huyo alikuwa bibi yangu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Ditriki kwa jina la baba yangu. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kujengwa hapa. Kila alfajiri ya kipupwe alitoka pekupeku, akazunguka nyumba yake kwenye majani. Siku ambayo nyayo zilikufa ganzi kabla hajamaliza kuzunguka, alisimama uani akaita kwa sauti, "Kateni!" Hapo ndipo wanawake walipochukua miundu kwenda mtoni.

Hakuna aliyekata kangaga kabla ya neno hilo. Kukata kabla kulikuwa sawa na kujipakulia ugali mbele ya mkubwa. Na kwa mke wa mwanawe ingekuwa aibu ya kusimuliwa. Nami sitasema ulikuwa utaratibu wa kijinga, kwa sababu haukuwa wa kijinga. Miaka mingi bibi hakukosea hata mara moja. Babu yangu alikuwa akijigamba kwamba wenzake wana redio, yeye ana miguu ya mkewe.

Kisha baba yangu Ditriki akajenga bondeni. Aliufuata udongo mweusi na maji ya karibu. Mama yake hakupenda. Alisema mtu hatoki mlimani penye upepo mzuri akaenda kukaa shimoni kama fuko. Baba naye alikuwa mbishi. Wakabishana mpaka wakafikia makubaliano: baba angekwenda kwenye misitu ya mbao kama kawaida, asirudi hadi mvua za kwanza. Kama bustani ya bondeni ingeilisha nyumba kipupwe chote, tungebaki huko. Kama isingeilisha, Sigrada angefunga vyombo vyake, abebe wanawe, arudi mlimani kwenye jiko la mama mkwe, na kijumba cha bondeni kiachwe.

Jiko hilo mama alilijua. Alikaa humo tangu siku aliyoolewa. Hakuteswa, msije mkamfikiria bibi yangu vibaya. Lakini alipika alichoambiwa apike, kwa chumvi aliyopimiwa, na kila mwiko alioushika ulikuwa wa mtu mwingine. Kijumba cha bondeni kilikuwa na moshi, kilikuwa na kiroboto, na mama alikipenda kuliko kitu chochote alichowahi kuwa nacho. Aliniambia kwamba usiku wa kwanza alipika maji tu, hakuwa na haja nayo, ilimradi apike kwenye jiko lake.

Kwa hiyo bustani ile aliilima kwa roho yake yote. Alipanda maharage, maboga kwa ajili ya majani yake, mchicha, nyanya, viazi, na matuta machache ya kabichi na njegere pembeni. Ilipofika Juni vichanja vyote vilikuwa vimesimama. Kilichobaki ni kangaga, na kangaga ilisubiri neno.

Dalili alianza kuziona mapema. Asubuhi maji ya kwenye ndoo yalikuwa na ukoko mwembamba juu. Majani ya maboga yalikuwa yakiamka yamekakamaa. Dada yangu mkubwa alikuwa akilia akitolewa nje. Mama akapanda mlimani kuomba ruhusa ya kukata. Mama Ditriki akamwambia bado. Mama akashuka. Baridi ikazidi, na jioni moja mbingu zikawa nyeupe pe, hakuna wingu wala upepo. Akapanda tena.

Alimkuta mama mkwe amekaa barazani kwenye jua la mwisho, anachambua maharage, miguu ameinyoosha juu ya jiwe lililoshika joto tangu mchana. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto.

"Mama, naomba nikate kangaga," Sigrada akasema. "Kule chini baridi imeshafika."

"Imefika kwako, imepita wapi?" Mama Ditriki hakuinua macho. "Baridi inatoka juu, mwanangu. Ikija itanikuta mimi kwanza, nami nitaita. Jana nimelala na blanketi moja."

Mama akaaga. Jambo lenyewe lilionekana kweli: aliye juu ndiye aliye karibu na mbingu. Hakuna aliyejua wakati ule, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulima bondeni, kwamba baridi ya usiku mtulivu huteremka kama maji, inapita milango ya watu wa mlimani bila kubisha, na kwenda kutuama chini. Mama alishuka. Alipita kando ya mto, mundu mkononi, akasimama mbele ya kangaga. Alikuwa anajua. Miguu yake ilimwambia, na ngozi ya mwanawe mgongoni ilimwambia. Lakini heshima ilimshika mkono, akaenda nyumbani bila kukata hata jani moja.

Asubuhi bustani yote ilikuwa nyeupe. Bondeni jua hufika limechelewa, na mama alikaa kwenye ukingo wa tuta akalisubiri, akiomba lisifike. Lilifika. Maharage yakalala, maboga yakalala, nyanya zikageuka kama kitambaa kilicholowa. Mama alilia. Hakulilia mboga, aliniambia. Alililia jiko lake.

Ukiwa mlimani unaiona bustani ya bondeni vizuri, na iliyokuwa ya kijani jana ilikuwa nyeusi leo. Mchana Mama Ditriki akateremka na matenga mawili, moja la vyombo na moja la nguo. Hakuja kucheka wala kusimanga. Alikuja kama mtu anayekuja kumtoa mwenzake kwenye mafuriko. Alisema makubaliano ni makubaliano, na watoto hawawezi kula matuta. Mama hakubisha. Wakaanza kufunga, sufuria ndani ya sufuria, na kwa kuwa bondeni jua huzama mapema, kazi haikuisha. Dada yangu alikuwa ameshalala. Bibi akaamua alale hapo, waondoke asubuhi.

Alfajiri bibi aliamka kama alivyoamka kila siku ya maisha yake, akatoka pekupeku kwenda kukanyaga majani. Mama alikuwa ndani anapuliza moto. Alingoja asikie mlango ukifunguliwa tena, hakusikia. Akatoka. Alimkuta mama mkwe hajafika hata kwenye tuta la pili. Amesimama katikati ya weupe ule, anainua mguu huu, anaushusha, anainua ule, kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto.

"Ni hivi kila siku?" Mama Ditriki akauliza.

"Leo kuna nafuu, mama."

Bibi alitazama vile vichanja vilivyosimama bila kitu juu yake. Alivitazama kimoja kimoja. Kisha akasema polepole, "Nami nilikuwa nimeweka miguu kwenye jiwe la jua."

Mama akamletea kipande cha gunia cha kukanyagia. 

"Nipe mundu," bibi akasema.

Akaingia ndani, akalipindua tenga la vyombo, sufuria zikamwagika sakafuni na kutuamsha sote, akalibeba likiwa tupu kwenda mtoni. Walikata kangaga mpaka jua likawa juu. Mboga zilizoungua ziling'olewa. Kabichi zilikuwa zimepoteza majani ya nje tu, zikabaki. Njegere zilivumilia. Viazi vilikuwa ardhini, havina habari. Mama akasia figiri, mboga isiyoogopa baridi, kwenye matuta yaliyobaki wazi, na jioni hiyo kila kichanja kilifunikwa. Bibi akapanda kwenda kwake peke yake. Matenga aliyaacha.

Hakuomba radhi. Wazee wa wakati ule hawakujua kumwomba radhi mke wa mtoto, neno lingewakwama kooni. Alichofanya ni kuteremsha maharage, kidogo kidogo, kipupwe chote, akisema yanamjazia nyumba. Tulikula viazi na kabichi mpaka mama akasema kabichi zenyewe zimetuchoka. Ukipima kwa haki, bustani haikuilisha nyumba, na kwa makubaliano yale tulipaswa kuhama. Lakini aliyetakiwa kuyakumbusha makubaliano alikuwa bibi, naye hakuyataja tena. Baba aliporudi na mvua alimkuta mkewe kwenye jiko lake.

Ukaja mwaka mwingine, na Juni yake. Mama akasimamisha vichanja. Baridi ikaanza kumng'ata miguuni. Mnadhani alikata? Hakukata. Adabu aliyokunywa na maziwa haiwezi kuungua kwa sakitu ya usiku mmoja. Alipanda mlimani kama mwaka uliopita, akamkuta mama mkwe barazani pamoja na wanawake wengine wa kijiji, ambao walikuwa wamekuja kusikiliza kama neno li karibu. Akapiga goti, akasalimu wote.

"Mama, naomba ruhusa nikate kangaga."

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe ndiye mwenye neno, mama."

Mama Ditriki aliweka ungo chini. Wale wanawake wakageuka kumtazama. Kila mmoja alijua kilichotokea mwaka uliopita, na hakuna aliyewahi kukisema mbele yake.

"Neno nililo nalo ni la hapa," akasema. "Mwaka jana ulikuja ukaniuliza, nikakujibu kwa miguu iliyokuwa juani, jibu langu likakuunguzia bustani. Wewe ulijua, mimi sikujua, na aliyesikilizwa ni mimi. Isiwe tena. Baridi ya bondeni haiulizwi mlimani, mwanangu. Nenda ukakate."

Mama alisema katika maisha yake aliombwa radhi mara nyingi na watu wengi, wakiwemo baba yangu na sisi wanawe, lakini hakuwahi kuombwa vizuri kama siku ile. Alishuka mlima anakimbia, nami mgongoni nimemshika shingo. Jua lilipozama bondeni, bustani yake ilikuwa imefunikwa yote, wakati mlimani watu bado wanaota jua barazani na neno lao halijatoka. Mwanamke mmoja mgeni alipoona hivyo akauliza kwa mshangao ni nani huyo aliyemtangulia mwenye neno. Mama Ditriki akamjibu yeye mwenyewe, kabla ya mwingine kufungua mdomo: baridi ya bondeni haiulizwi mlimani.