Alama ya Nne ya Ngao ya Unyelele

Hapo zamani, na msiniulize ni miaka mingapi, palikuwa na nchi ndogo kando ya kinamasi, ikiitwa Unyelele. Haikuwa na jeshi la kutisha wala mlima wa kujifichia. Ilikuwa na ngao. Ilikuwa ya mbao, ndefu kama mtu mzima, nayo ilitundikwa ukutani barazani kwa mtemi. Aliyeshitakiwa aliapa mbele yake. Waliooana waliigusa pamoja. Mgeni aliyetaka kuwa mwenyeji aliweka kiganja juu yake, na tangu siku hiyo akawa Mnyelele.

Ngao hiyo ilikuwa na alama tatu. Ya kwanza ni jembe lenye mpini uliovunjika, kwa sababu watu wa kwanza walifika wakikimbia vita, wakalima shamba lao la kwanza wamepiga magoti. Ya pili ni chungu kilichofunikwa, kwa sababu mwaka wa njaa mwanamke mmoja alificha mbegu za mtama chunguni, wanawe wakalia naye asikifunue, na mvua iliporudi nchi nzima ikapanda kutoka chungu kile. Ya tatu ni korongo, kwa sababu maadui walipovuka kinamasi kwa kunyatia, korongo waliruka wote kwa mpigo, watu wakajua. Mtoto wa Unyelele alizijua alama hizo kabla hajajua kuhesabu vidole vyake.

Mchoraji wa ngao alikuwa mzee Kapembe. Alimfundisha kazi bintiye Nyanzala, naye dada yake Kapembe, Bi Holo, ndiye aliyewasagia rangi.

Basi akaja Sagaluka, mtemi wa nchi ya pili, na askari wake wengi. Alimuua mtemi wa Unyelele siku ya kwanza. Siku ya pili aliingia barazani, akaitazama ngao kwa muda mrefu, kisha akamwita Kapembe, akamwamuru azikwangue alama zote tatu na kuchora fisi mmoja mkubwa, kwani fisi ndiye alama ya ukoo wake. Kapembe alikataa. Walimpeleka kwenye kinamasi, wakamfunga jiwe miguuni. Aliyelifunga jiwe hilo alikuwa askari aitwaye Mihayo, na Nyanzala alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuona fundo lilivyokazwa.

Siku ya tatu wakamwita Nyanzala. Amri ilikuwa ileile. Siku saba, awe amemaliza, kwa sababu siku ya nane Wanyelele wote wangepita mbele ya fisi na kuapa. Nyanzala alitaka kukataa kama baba yake. Alifungua mdomo, akasikia sauti yake ikisema, "Ndiyo, mtemi."

Kazi ilianza. Mihayo aliwekwa mlangoni amlinde. Alikaa pale tangu asubuhi mpaka jioni na mkuki magotini, na kila Nyanzala alipoinua macho aliiona mikono ile iliyofunga jiwe.

Sasa sikilizeni alilofanya. Alama za zamani zilikuwa zimechorwa kwa rangi yenye gundi ya mgunga, kisha zikapakwa nta, hata mvua isingeziondoa. Nyanzala hakuzikwangua. Alizifunika kwa udongo mweupe, na juu ya udongo akachora fisi kwa masizi na ngeu, ule udongo mwekundu wa kuchorea. Wala katika udongo, wala katika masizi, wala katika ngeu hakutia gundi hata chembe. Rangi ya namna hiyo hukauka ikapendeza, lakini maji yakiigusa inateremka yote.

Siku ya nne ya kazi hiyo Mihayo alisema kwa mara ya kwanza. "Mama yangu hupaka kuta huko kwetu," alisema. "Yeye hutia gundi kwanza."

Brashi ilimganda Nyanzala mkononi. Alingoja askari ainuke aende kwa Sagaluka. Hakuinuka. Hakusema neno jingine siku hiyo, wala siku ya tano. Nyanzala hakuweza kula. Kila kikohozi cha yule mtu kilimshtua, kila mara aliposogeza mguu aligeuka kumtazama.

Siku ya sita ikaja hatari yenyewe, nayo haikutoka kwa Mihayo. Msimamizi wa Sagaluka alipita nyuma ya nyumba, akakuta kapu la gundi limejaa kama lilivyoletwa. Akamkamata Bi Holo, kwa kuwa rangi zilikuwa kazi yake. Wakawasha moto uani, wakaweka kikaango, wakamuuliza kwa nini gundi haijatumika. Bi Holo akajibu kwamba gundi hiyo ni mbovu, ametumia ya zamani. Wakakiweka kiganja chake cha kulia juu ya kikaango. Wakamuuliza tena. Akajibu vilevile. Wakauliza mara tano, akajibu mara tano, na baada ya hapo hakuwa na sauti ya kujibu.

Nyanzala alikuwa ndani. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, alisikia kila kitu. Lilitakiwa neno moja tu, kwamba ni mimi. Alikuwa nalo mdomoni. Alijiambia kwamba akilisema ngao itapotea na baba yake atakuwa amekufa bure. Pia aliogopa kile kikaango. Lipi kati ya hayo mawili lililomfunga mdomo, hata yeye hakujua, na hakuja kujua mpaka alipozeeka. Aliendelea kuchora masikio ya fisi.

Msimamizi akaamini. Bi Holo akaachiliwa, na mkono ule haukushika tena kitu.

Siku ya nane watu wakakusanywa barazani. Kulikuwa na jua kali, hakuna wingu. Ngao ilisimamishwa mlangoni, Mihayo upande mmoja na mwenzake upande wa pili, wapiga mishale juu ya ukuta. Nyanzala alikuwa na kibuyu cha maji chini ya kanga. Alikuwa amekusudia, zamu yake ikifika, aimwagie ngao mbele ya watu wote, kisha lije litakalokuja.

Watu walipita mmoja mmoja. Wazee walipita, walioona aibu walipita wameinamisha vichwa, Bi Holo alipita akagusa kwa mkono wa kushoto. Zamu ya Nyanzala ikafika. Akamwona fisi wake mwenyewe anamtazama. Akaona mishale juu ya ukuta. Kibuyu akakiacha palepale chini ya kanga. Akanyoosha kiganja, akaigusa ngao, akaapa kwamba yeye ni wa Sagaluka, yeye na uzao wake.

Alipogeuka aondoke, kibuyu kikachungulia chini ya kanga, na Mihayo akamshika mkono.

"Nipe hicho kibuyu, dada," alisema taratibu. "Mikono yako inatetemeka."

Akakichukua, akang'oa kizibo, akaimwagia ngao kuanzia juu. Masizi yakateremka. Ngeu ikateremka. Udongo mweupe ukafuata, ukatapakaa chini kama maziwa. Jembe likatokea, chungu kikatokea, mwisho korongo, mzima, kila unyoya mahali pake. Mshale wa kwanza ulimpata Mihayo shingoni akiwa bado ameinua kibuyu. Wa pili haukupigwa, kwa sababu watu walikuwa wamekwisha panda ukuta. Waliokuwa wameapa na ambao hawajaapa, wote walipanda. Jua halijatua Sagaluka alikuwa amekimbilia ng'ambo ya kinamasi na wachache waliobaki naye.

Unyelele ikapata mtemi mpya, na mtemi akaamuru iongezwe alama ya nne, ya mtu aliyeiokoa nchi. Mmoja tu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo, alama moja kwa tendo moja. Akaita baraza.

Wengi walimtaja Nyanzala, wakataka brashi. Walisema bila hila yake kusingekuwa na kitu cha kufunuliwa, maji yangemwagwa juu ya ubao mtupu.

Mama yake Mihayo alikuwa amevuka kinamasi kuja kuchukua mifupa ya mwanawe. Alisimama, akaomba kichorwe kibuyu. "Mwanangu alimuua baba wa huyu dada," alisema, "sikatai, wala siombi msahau. Lakini siku ile mlikuwa wengi, na aliyemwaga maji ni mmoja. Wala hakuwa wa kwenu."

Kisha Bi Holo akauinua mkono wake wa kulia, wote wakauona. Hakulihutubia baraza. Alimgeukia Nyanzala.

"Mwanangu, siku ile uani, ulinisikia?"

"Nilikusikia, shangazi."

"Mara zote tano?"

"Mara zote tano."

Bi Holo akaketi. Alisema hana zaidi, ila wajue kwamba kama yeye angeitoa siri mara moja tu, hila isingekuwepo na kibuyu kisingekuwa na kazi.

Mtemi akauliza baraza, baraza likagawanyika. Walioutaka mkono wa Bi Holo uchorwe walisema Nyanzala aliapa kwa fisi mbele ya macho yao. Walioitaka brashi walisema hata Bi Holo aliapa, hata wao waliapa. Walioogopa kumchora mtu wa adui walisema Mihayo alikuwa akilipia damu aliyoimwaga. Wengine wakajibu kwamba aliilipa kwa shingo yake, na kwamba kwa siku nne aliijua siri akaitunza bila kuombwa.

Mwishowe mtemi akasema mchoraji ndiye anayeijua kazi yote tangu mwanzo, basi yeye aamue. Nyanzala akasimama mbele ya ngao, rangi imechanganywa na gundi, shangazi yake kulia, mama wa Mihayo kushoto, akainua brashi.

Nami hapo naishia, kwa kuwa ngao hiyo iliungua zamani na hakuna aliyeiona ambaye yungali hai. Nyinyi mliokaa hapa, semeni: brashi, mkono au kibuyu? Je, nani alistahili?