Mtu Aliyekimbia Sijda

Wamepokezana watu wema, mmoja kutoka kwa mwingine, kwamba palikuwa na mji mpakani mwa nchi ya Sham, upande wa milimani, ambao kila kiangazi ulitoa wanaume wake kwenda kulinda njia za mlima, na baridi ilipoingia ukawapokea wale waliobaki. Katika mji huo aliishi mja mmoja aliyeitwa Dhakwani bin Sabihi, Mwenyezi Mungu amrehemu, mshona matandiko ya farasi. Alikuwa mtu wa kufunga Jumatatu na Alhamisi, asiyekula tonge lenye shaka, na ambaye mkewe, Bi Lubaba, hakupata kumsikia akimtukana hata punda.

Msikiti wa Ijumaa wa mji huo ulikuwa mkubwa na imamu wake alikuwa mzee, hata sauti yake haikufika safu ya kumi. Kwa hiyo katikati ya msikiti palijengwa jukwaa la mbao, na juu yake akawekwa Dhakwani. Kila imamu alipotoa takbira, yeye aliipaza, na safu za nyuma zikafuata. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na tisa bila kukosa Ijumaa moja. Na sauti yake ilikuwa sauti kweli, jamani. Walioitwa na haja wakachelewa kutoka nyumbani walimsikia wakiwa bado barabarani, wakaongeza mwendo.

Hayo yote ni mema, ila Dhakwani aliipenda sauti yake. Alizoea kumwambia mkewe, "Leo wamenisikia mpaka kwa wasindika ngozi." Bi Lubaba humjibu, "Alhamdulillahi. Na Mola wako, kabla ya hapo alikuwa hakusikii?" Wakacheka wote wawili, kisha Dhakwani akaendelea kuipenda. Si haramu mtu kuifurahia neema aliyopewa, lakini furaha ya namna hiyo ina tabia ya kumziba mtu masikio asisikie ya wenzake.

Mwaka mmoja askari walirudi wachache kuliko walivyoondoka. Miongoni mwa waliorudi alikuwa mwashi mmoja kijana, Nuaimu bin Rafii, aliyekuwa akiishi na mama yake. Alirudi mzima, hana hata mkwaruzo, na watu wakampongeza. Rafiki yake Azhari, waliyeondoka pamoja, alizikwa hukohuko mlimani. Azhari alikuwa amefiwa na mkewe, ana mabinti wawili, Rumaisa na Unaisa, na kabla ya vita alikuwa amemwambia Nuaimu mbele ya watu, "Nikifa, wanangu ni wanao." Basi Nuaimu aliporudi, hata vumbi la safari hajaliosha, akawachukua wale watoto akawapeleka kwa mama yake.

Ijumaa ya kwanza Nuaimu alisimama karibu kabisa na jukwaa. Imamu akahirimia, Dhakwani akapaza takbira ya kwanza, watu wakafunga mikono. Akapaza ya pili, wakarukuu. Wakainuka, akapaza ya tatu ya kwendea sijda, kwa kifua chote. Hapo Nuaimu aliruka, akawasukuma watu wawili, akapita juu ya migongo ya waliosujudu, akatoka mbio, miguu mitupu, viatu akaviacha mlangoni. Ijumaa ya pili ikawa vilevile. Ijumaa ya tatu hakuingia.

Watu wakakusanyika nje kuulizana kulikoni. Dhakwani alikuwa akivaa viatu vyake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha, akasema, "Tangu aumbwe Adamu tunamjua mmoja tu aliyekataa kusujudu. Kumbe ana mwanafunzi mjini kwetu." Watu wakacheka, naye akaenda zake kula chakula cha mchana.

Ulimi hauna mfupa. Alasiri neno lile lilikuwa limefika soko la nafaka, na kabla ya wiki kwisha Nuaimu alikuwa ana jina jipya, Mkimbia Sijda. Aliyekusudia kumwita amjengee ukuta akatafuta mwashi mwingine. Wanawake waliokuwa wakiteka maji pamoja na mama yake wakaanza kuondoka mapema kisimani.

Habari hizo zilimfikia Shabibu, ndugu yake Azhari, aliyekaa kijiji cha mbali. Shabibu hakuwa mtu mbaya, wala msimdhanie hivyo. Alifunga safari akaenda kwa Kadhi, akasema, "Sitaki ndugu yangu aulizwe kesho kwa nini wanawe wanalelewa na mtu asiyesujudu." Kadhi akamjibu kwamba mlezi wa mayatima sharti awe mwadilifu, na kwamba neno kama hilo haliamuliwi kwa uvumi. Akaagiza aitwe shahidi siku ya Alhamisi. Na shahidi gani angekuwa bora kuliko mtu ambaye kutoka jukwaani huziona safu zote?

Dhakwani alipomweleza mkewe, Bi Lubaba alikuwa akifunga mikate katika kitambaa. Wanawake wa mji ule walikuwa na ada ya kuhudumia nyumba za waliokufa vitani, kila mmoja na nyumba zake, na nyumba ya mama yake Nuaimu, kwa ajili ya wale mayatima, ilikuwa katika zamu ya Bi Lubaba.

"Utasema nini?" akamwuliza.

"Nitasema nilichokiona."

"Umeona mgongo wa mtu anayekimbia. Uso wake umeuona?" Akakaza fundo la kitambaa. "Wale watoto wananiambia baba Nuaimu huwaswalisha kila siku, na sijda zake ni ndefu mpaka yule mdogo husinzia. Mwenye kovu usidhani kapoa, mume wangu. Na huyu hata hilo kovu hatujui liko wapi."

Siku ya pili wakati wa alasiri Dhakwani alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Nuaimu. Mama mtu alimfungulia kwa adabu ambayo yeye alijua hakuistahili, akamkalisha uani. Huko alimwona Nuaimu amesimama mbele, watoto nyuma yake, na yule mama akajiunga nao. Kijana alitoa takbira kwa sauti ya mtu anayesema karibu na kitanda cha mtoto aliyelala. Alisujudu, akakaa katika sijda kitambo kirefu, na mabega yake yalikuwa yametulia. Dhakwani alitazama, na uso ukamwaka kwa haya.

Walipobaki wawili, Dhakwani alimwuliza kilichomtoa mbio msikitini. Nuaimu alitazama kwanza kama watoto wako mbali.

"Jemadari wetu alikuwa na takbira tatu," akasema. "Ya kwanza tunakaza mishipi. Ya pili tunainua ngao. Ya tatu tunakwenda. Azhari alikuwa kuliani kwangu, bega kwa bega, kama tunavyopanga safu kuswali. Ilipotoka ya tatu mimi nilipiga hatua, yeye hakupiga. Mshale ulikuwa umemwingia shingoni. Nami sikuweza kusimama, Sheikh, maana nyuma wanakusukuma. Nilimwacha chini nikaenda. Sasa nikiwa safuni, ukiitoa ile ya tatu, miguu yangu hainiulizi."

"Mbona hukumwambia Kadhi? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nimwambie kwamba nalikimbia jina la Mola wangu? Wakiniita mnafiki, Mungu anajua kuwa si kweli. Lakini wakiniita mwoga, hawa watoto watasema baba yao alikufa ubavuni mwa mwoga. Nakuomba, liwe kwako amana."

Dhakwani akasema, "Ni amana," na mara tu alipolisema akaona mahali alipojifunga. Akinyamaza kuhusu sababu na kusema kweli kuhusu alichokiona, watoto watachukuliwa. Akiitaja sababu, amevunja amana. Na uongo, hata uongo mdogo wa kusema sikumbuki, hakuujua namna ya kuusema mbele ya Kadhi kisha akapanda jukwaani kumtukuza Mwenyezi Mungu. Alikwenda nyumbani, akaswali, akamwomba Mola wake ampe neno ambalo halitamdhulumu mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Alhamisi ilipofika, watu walijaa barazani mwa msikiti, kwani kesi ya jirani ina utamu wake, Mungu atusamehe. Shabibu alikaa upande mmoja. Nuaimu alikaa upande wa pili, amevaa kanzu safi, na mama yake nyuma yake na wale mabinti wawili.

Kadhi akauliza, "Dhakwani bin Sabihi, tangu Nuaimu arejee, umepata kumwona akitimiza swala ya Ijumaa?"

"Hapana, sikumwona."

Baraza zima likanong'ona. Nuaimu akainamisha kichwa, na Rumaisa, ambaye umri wake ulitosha kuelewa, akakamata upindo wa kanzu yake.

"Ewe Kadhi," akasema Dhakwani, "nina ushahidi wa pili, nao ni juu ya nafsi yangu. Hilo jina mnalomwita kijana huyu, mimi ndiye niliyelizaa. Nilimfananisha na Ibilisi mlangoni mwa nyumba ya Mwenyezi Mungu, kwa mzaha, ili watu wacheke, na sikuwa nimemwuliza hata swali moja. Nimekwenda nyumbani kwake nikamwona akisujudu, na sijda yake ni bora kuliko yangu. Kuna sababu ya kukimbia kwake ambayo nimepewa kwa amana, siwezi kuitoa. Kama mlezi sharti awe mwadilifu, shahidi naye ni hivyohivyo, na mimi nimemsingizia Mwislamu. Nakuomba uukatae ushahidi wangu."

Kadhi akamtazama sana. "Unajua unachokiomba? Mtu ambaye nimemkataa hapa hawezi kupanda jukwaa lile kesho."

"Najua."

Alisema neno hilo moja tu, na waliokuwapo wamesimulia kwamba siku hiyo ile sauti iliyofika kwa wasindika ngozi haikufika hata mlangoni. Bi Lubaba, aliyekuwa upande wa wanawake, alilia, na baadaye aliapa kwamba hakupata kumpenda mumewe kama alivyompenda saa ile.

Kabla Kadhi hajasema kitu, Nuaimu alisimama. "Ewe Kadhi, mzee huyu amebeba mzigo ambao ni wangu. Amana yangu nairudisha mkononi mwangu, nami nitaisema." Akaeleza yote, mshipi, ngao na hatua aliyoipiga, bila kujipamba na bila kujitetea. Alipofika pale Azhari alipoanguka alimtazama Shabibu, akasema, "Nilimwacha chini. Unisamehe."

Kisha mtu mmoja akainuka kutoka nyuma, muuza zabibu anayejulikana na kila mtu, aliyepigana mlima uleule. Akasema, "Mimi pia mwezi wa tatu huu sijaingia. Nimekuwa nikisema mgongo unaniuma." Akaketi tena kwa haraka, amefunika uso kwa kilemba. Na aliyekuwa karibu naye, askari mwingine, akamwekea mkono begani na wala hakuuondoa.

Shabibu akasimama. Alivuka baraza lote mpaka alipo Nuaimu, akakaa chini kando yake, upande wa kulia. "Ndugu yangu alijua alichokifanya alipokuchagua," akasema. "Watoto ni wako. Mimi nitakuwa ami yao, nitakuja kuwaona mavuno yakiisha."

Kadhi akahukumu hivyo. Kisha akamwambia Dhakwani kwamba aliyejishitaki mwenyewe na kuomba radhi hadharani uadilifu wake umerudi, na jukwaa lake linamngoja.

"Jukwaa libaki tupu," akajibu Dhakwani. "Niwekeeni watu katika safu, mmoja kila baada ya safu tano. Imamu atatoa takbira, wa kwanza atampa wa pili, wa pili atampa wa tatu, kila mtu kwa sauti ya kuwatosha walio nyuma yake basi. Itafika. Mwenyezi Mungu si kiziwi, na sisi hatuendi vitani."

Wako waliosema msikiti utapoteza haiba yake. Kadhi aliwajibu kwamba haiba ya msikiti ni walio ndani yake.

Ijumaa ile Dhakwani alisimama chini kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa, mmoja wa wapokezanaji takbira, katikati ya watu. Kushotoni kwake akaja Nuaimu, amesindikizwa na Shabibu. Safu zikanyooshwa, mabega yakagusana. Takbira ya kwanza ilikuja taratibu kutoka mbele, Dhakwani akaipokea na kuitoa. Ikaja ya pili. Waliporudi kusimama, alilisikia bega la kijana likianza kutetemeka dhidi ya bega lake, likatetemeka mpaka yeye mwenyewe akayumba. Hakugeuka. Alilisogeza bega lake karibu zaidi, akalikaza. Ya tatu ilipomfikia aliitoa polepole, kwa sauti ile aliyoisikia uani kwa mama yake Nuaimu alasiri ile, akaenda chini, na lile bega likaenda chini pamoja naye.

Wamesema kwamba alipotoa salamu kushoto alimkuta Nuaimu yuko mahali pake, ndevu zimelowa machozi. Na katika safu ya mwisho, karibu na mlango, walikuwapo muuza zabibu na wengine kadhaa ambao miezi yote ile migongo ilikuwa ikiwauma.

Ndugu zangu katika imani, sisi ni hodari wa kuwaaga wanaokwenda kutulinda. Tunawaombea dua, tunawapa mikate, tunasimama njiani mpaka wasionekane. Akirudi mmoja wao na jambo tusilolielewa, tunampa jina, na kumpa mtu jina ni rahisi kuliko kumpa bega. Dhakwani aliacha kitu alichokipenda kuliko vyote ili mtu mmoja apate kusujudu na wenzake, na hatukusikia kwamba alijuta. Mwenyezi Mungu awapoze wote waliorudi wakiwa bado hawajafika nyumbani, awe mlezi wa watoto wa wasiorudi, na sisi atupe adabu ya kumwuliza mtu kilichomsibu kabla ya kufungua midomo yetu juu yake.