Unyoya wa Habona

Sogeeni, wajukuu, mkeka unatosha. Mnanisikia? Basi shikeni. Zamani ile, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, kule kaskazini palikuwa na mto mpana sana. Ukimwita mtu wa ng'ambo, sauti inamfikia imechoka.

Mwaka mmoja mkuu wa mto, mzee aliyesimamia uvuvi wote, akafa. Na mkuu wa mto akifa, watu huomboleza siku arobaini: wavu usiguse maji, mtego usiguse maji, chambo chenye damu kisiguse maji. Mwaka huo huo jua lilikuwa limeunguza mashamba.

Mwanamke mmoja, Habona, alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Njaa ikamkausha maziwa. Mtoto ananyonya, hapati kitu, analia.

"Vumilia, mwanangu," mama mkwe wake akamwambia. "Zimebaki siku kumi na mbili."

"Mimi nitazimaliza, mama. Huyu hatazimaliza."

Asubuhi yake yakapita manyunyu. Kumbikumbi wakaruka, wakaangukia mtoni, na samaki wakaibuka kuwala. Habona akaona. Akaichukua ndoana ya mumewe, akaiosha, akaifunga unyoya wa njiwa uliodondoka uani, akaupasua katikati ukakaa kama mabawa ya kumbikumbi. Akafunga mshipi wa ndoana kwenye ufito mrefu, akashuka mtoni.

"Habona," wanawake wakamcheka, "samaki wamekuomba mto wa kulalia?"

Akarusha. Unyoya ukalowa, ukazama. Akavuta, akarusha. Ukazama. Mnadhani alirudi nyumbani? Hakurudi. Akaupaka nta ya nyuki, akarusha, ukaelea. Samaki akaja, akautazama, akaenda zake. Akarusha. Bega likauma, akahamia mkono wa kushoto. Akarusha.

Maji yakapasuka. Ufito ukapinda. Habona akakaa chini, visigino kwenye tope, akavuta, akavuta, mpaka samaki mrefu kama mkono wake akalala ukingoni.

Mzee Komora, mlinzi wa mwiko, akaja na fimbo yake.

"Umevunja mwiko."

"Nusa ndoana, mzee wangu. Ukikuta damu ya chambo, nifukuzeni kijijini."

Akanusa. Akanusa tena.

"Nta," akasema. Akamrudishia ndoana. "Kapike mchuzi unywe. Kesho uje unionyeshe unavyofunga. Na mimi kwangu wanalia."

Habona akanywa mchuzi siku ile, na siku ya pili, na ya tatu. Ya nne, mtoto akanyonya mpaka akasinzia, maziwa yakimtiririka shavuni.

Basi, wajukuu, mkikatazwa jambo, sikilizeni mpaka mwisho. Jueni kilichokatazwa, na mjue kilichoachwa. Kisha msichoke kurusha.

Bibi yangu alinifikisha hapa akanishusha. Na mimi nawashusha hapa hapa.