Taa ya Bure ya Mzee Mihambo

“Taa ya bure hula sahani moja na mwenyeji.” Mmeyasikia hayo leo dukani, mkacheka, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Ilianza hivi, na mtanivumilia nikipandisha sauti, maana nilikuwepo, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Nilikuwa kijana, nimepanga chumba mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Nyumba ilikuwa na vyumba saba na mita moja ya umeme. Kila uniti zikiisha tulichanga sawa. Mwenye nyumba, Mzee Mihambo, aliishi chumba cha mbele.

Siku moja alirudi na katoni la globu za kizamani, zile zenye kijiwaya ndani, ambazo zikiwaka nusu saa huwezi kuzishika. Kuna duka lilikuwa linafungwa, wakamtupia kwa bei ya kutupa. Akatugawia bure, moja kila chumba, na nyingine akazifunga ukumbini, jikoni, bafuni na barazani. Tulimshukuru sana. Nani anakataa cha bure?

Alikataa mtu mmoja, Nyamizi. Alikuwa mjane anayeshona kwa cherehani ya umeme, na alikuwa amenunua globu yake ndogo nyeupe, ya aina inayotumia umeme kidogo. Alisema itamtosha. Mzee Mihambo alichukia. Alisema mpangaji anayekataa zawadi ya mwenye nyumba ana lake jambo.

Basi uniti zikaanza kuisha upesi. Tulizozoea kukaa nazo mwezi zikawa hazifiki wiki mbili. Tukaanza kunong'onezana, na minong'ono yote ikaelekea chumba kimoja. Nani ana cherehani? Nani anashinda ameiwasha mchana kutwa? Mzee Mihambo hakuuliza mara mbili. Alimwita fundi, akamkatia Nyamizi waya wa chumbani.

Wakati huo Nyamizi alikuwa na kazi ya sare za shule, jozi arobaini. Alituomba tumwachie mwezi mmoja tu amalize, atachangia zaidi yetu. Tulikataa. Mimi mwenyewe nilisema, mbele yake, kwamba siwezi kumlipia mtu riziki yake. Akakaa dirishani akishona kwa mkono mpaka vidole vikavimba. Hakuwahi. Shule ikampa kazi fundi mwingine.

Sasa sikilizeni upumbavu wetu. Mwezi ule Nyamizi hakuwa na umeme hata chembe, na uniti ziliisha upesi vile vile. Mnadhani tulijiuliza? Tulisema anaiba kwa waya wa siri. Mzee Mihambo akaitisha kikao Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbini, ili tumtoe.

Nyamizi alikuja amebeba cherehani yake mikononi. Hakusalimia. Aliomba jambo moja, kwamba tuzime kila kitu nyumbani, kisha tuwashe taa za Mzee Mihambo peke yake. Mzee akasema huo ni mchezo. Mpangaji mmoja akamjibu kwamba anayefukuzwa ana haki ya kusema lake la mwisho. Tukawasha zote kumi, jua likiwa kali nje.

“Kaka Kitungulu,” akaniambia, “wewe ndiye uliyesema hutaki kunilipia riziki. Simama hapo kwenye mita. Kile kitaa chekundu kikikonyeza, umeme unaliwa. Hesabu dakika moja.”

Nilihesabu. Kilikonyeza mara kumi na saba.

Tukazima zote. Akachomeka cherehani chumbani kwangu, akaendesha mshono mrefu bila kusimama. Nikahesabu tena dakika moja. Mara mbili.

Mwisho akatoa ile globu yake nyeupe mfukoni, akaifunga chumbani kwangu, akaiwasha. Dakika ikapita, kitaa kimya. Ya pili ikapita. Nilisimama pale nikiangalia mita, nikitamani kikonyeze walau mara moja, ili nisigeuke kumtazama usoni.

“Mwezi mzima nimekaa gizani,” akasema, “nikipita ukumbini kila jioni naiona mita yenu. Mkiwasha taa tu, inaanza kukimbia. Nilisubiri mmoja wenu aione. Hakuna aliyetazama.”

Mzee Mihambo akasema yeye hana kosa, taa zile aliwapa watu bure.

“Bure gani, baba?” Sauti ya Nyamizi ilikuwa ikitetemeka kwa hasira. “Mgeni anayekuja mikono mitupu na kula kwako kila siku, huyo ni wa bure? Taa ya bure hula sahani moja na mwenyeji. Na alipomaliza ya kwenu, mkamlisha na ya kwangu.”

Mpangaji wa chumba cha karibu na jikoni akachukua kanga, akaizungushia mkononi asiungue, akaanza kufungua globu moja baada ya nyingine, akaziweka miguuni pa Mzee Mihambo. Mzee akaahidi kumrudishia Nyamizi waya siku ile ile, na kodi ya mwezi ule ameisamehe. Nyamizi akamwambia asimsumbue fundi. Jumatatu alihamia mtaa wa Isevya.

Nilimfuata huko baada ya siku chache kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Nimekusikia, kaka. Zile sare arobaini zilikuwa ada ya mwanangu.” Akarudi kwenye cherehani yake. Nikaondoka.

Kwa miezi mingi baadaye nyumba nzima tuliishi na globu kama yake, na uniti zilikaa mwezi na zaidi. Kila nikiona nafuu ile nilijikasirikia upya. Kwa hiyo mkipewa kitu cha bure, wanangu, kabla hamjashukuru ulizeni kitakula nini, na kitakula kwa nani. Nyamizi alitulipia somo hilo kwa ada ya mtoto wake: taa ya bure hula sahani moja na mwenyeji.