Kwa Nini Akina Mama wa Kighareni Huenda Kutembea na Kuni Kichwani

Enzi hizo, kabla barabara haijaufikia mlima wetu na kabla jiko lolote halijawaka kwa kitu kingine ila kuni, wanawake wa Kighareni hawakujua safari ya furaha. Walijua njia ya shamba, njia ya kisima na njia ya soko la Jumatano, ambalo lilikuwa karibu kiasi kwamba mwanamke aliyekaa na ndizi zake sokoni aliweza kuuona moshi wa nyumba yake mwenyewe. Kuvuka mto Mhare, ulio mpaka wa kijiji upande wa machweo, kulimtaka mwanamke awe na sababu, na sababu iliyokubalika ilikuwa moja tu: msiba.

Kwa ajili ya misiba walikuwa na chama chao, nacho kiliitwa Mafiga, kwa kuwa chungu hakikai juu ya figa moja. Mmoja wao akifiwa, Mafiga walikusanya kuni, mahindi na maharage, wakaenda kukaa naye mpaka matanga yaanuliwe. Desturi ya safari hiyo ilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza, mwanamke aliyejitwika kuni zilizofungwa kwa magome makavu ya mgomba haulizwi neno na mtu yeyote, awe mume wake au mzee wa kijiji, mpaka avuke mto. Maana waliamini kwamba kifo kikisikia jina la mtu wake likitajwa njiani, hugeuka kurudi kijijini kutafuta mwingine. Nusu ya pili, mwana Mafiga amwonaye mwenzake amejitwika kuni hizo hana ruhusa ya kubaki nyumbani. Hufunga kuni zake, akafuata nyuma, kimya.

Mwaka 1931, mwaka uliofuata ule wa nzige, alikuwapo mwanamke mmoja aitwaye Nambua, mke wa Kajiru. Alikuwa na rafiki aliyekua naye tangu wote wawili wakichunga mbuzi, jina lake Kundaeli, ambaye aliolewa Ndorwe, ng'ambo ya mto na juu ya mgongo wa pili wa mlima. Tangu harusi ile, hawakupata kuonana ila kwa salamu zilizobebwa na wauza chumvi. Mwezi wa Julai salamu zilibadilika. Muuza chumvi alisema Kundaeli anakohoa. Mara ya pili alisema halimi tena. Mara ya tatu aliulizwa, akatazama mzigo wake, akasema chumvi ya safari hii ni nyeupe kuliko ile ya kwanza.

Nambua alimwomba mumewe ruhusa. Kajiru hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa utaratibu, ambaye hata jembe lake lilikuwa na msumari wake ukutani.

"Mgonjwa ana wenyewe, mama," alimwambia. "Ana mume, ana mavyaa. Wewe huko utakwenda kama nani?"

"Kama mimi."

"Haijapata kuwa. Subiri. Jambo likitokea utakwenda, wala hakuna atakayekuzuia."

Nambua alilichukua neno lile akaenda nalo shambani, akapalilia nalo mchana kutwa. Jambo likitokea. Ndiyo kusema angepewa ruhusa ya kumwona Kundaeli siku ile ambayo Kundaeli hatamwona yeye. Jua lilipotua alikuwa amekwisha kata shauri.

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, wanaume walipokuwa wamekwenda kuzibua ndiva, lile bwawa linalogawa maji ya mashamba, Nambua alifunga mzigo wa kuni kavu kwa magome ya mgomba, akaweka kata ya nguo kichwani, akajitwika. Hakumdanganya mtu. Alijiambia kwamba mgonjwa naye huota moto, na kwamba mtu akiona kuni akawaza msiba, mawazo ni ya mwenye kuyawaza. Ila kwa haraka yake alikumbuka nusu moja tu ya desturi.

Alipopita kwa Mama Shoma, alisikia mlango ukifungwa nyuma yake. Alipopita kwa Mama Kirita, mkuu wa Mafiga, alisikia mtoto akiambiwa aangalie chungu. Kufika kona ya mwisho ya kijiji, aligeuza shingo kidogo, kadiri mzigo ulivyomruhusu. Mafiga wote walikuwa nyuma yake, mmoja baada ya mwingine kama siafu, kila mmoja na kuni zake, wengine na vikapu vya mahindi, kimya kabisa. Wala asingeweza kuwaambia warudi. Kabla ya mto, hata mbebaji mwenyewe hafungui kinywa.

Njia ilipita kando ya ndiva. Wanaume waliuona msururu ule, wakaacha kazi, wakasimama na matope yao hadi magotini. Kajiru alimtambua mkewe mbele. Alielewa, au alidhani ameelewa, maana alilaza jembe lake chini matopeni, yeye ambaye hakupata kulilaza jembe popote, akainamisha kichwa mpaka wa mwisho alipopita. Nambua aliona yote hayo. Laiti ardhi ingepasuka, angeshukuru.

Walivuka. Ng'ambo walitua mizigo, wakanyoosha shingo, na Mama Kirita, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, akamshika Nambua mkono.

"Pole, mwanangu. Haya, tuambie. Ni nani?"

Nambua aliyatazama maji. "Hakuna," alisema.

"Hakuna?" Mama Shoma alikuwa akijisugua utosi. "Shingo yangu imeingia kifuani kama ya kobe kwa ajili ya Hakuna? Na huyo Hakuna ni wa ukoo gani, tumlilie vizuri?"

Wawili watatu walicheka, wakajiziba vinywa, kwa kuwa bado hawakujua kama inafaa kucheka. Nambua aliwaeleza yote: salamu za chumvi, neno la mumewe, na kuni ambazo alikusudia kuzibeba peke yake. Alipomaliza, hakuna aliyecheka tena.

"Umemchuria mwenzio," alisema mmoja, akirudi nyuma hatua moja. "Umempelekea kuni za kifo naye yu hai. Tukimkuta amekufa, utasema nini?"

"Na tukirudi je?" alidakia Mama Shoma. "Wanaume wametuona. Leo wameinama, kesho watauliza. Wakianza kuuliza, dada zangu, hata kwenda kuzika mama zetu tutaombea ruhusa."

Maneno yote mawili yalikuwa ya kweli, na Nambua aliyajua hata kabla hayajasemwa. Akiwarudisha, angekuwa amewapokonya wenzake njia pekee waliyokuwa nayo. Akiwapeleka, na Kundaeli akawa amekwisha kukata roho, angeitwa hadi kufa kwake mwanamke aliyekiita kifo kwa mzigo wa kuni. Alitaka kusema atakwenda peke yake, na adhabu ije juu yake peke yake, lakini Mama Kirita alimwashiria angoje.

Mama Kirita alikaa juu ya kuni zake. Aliupepea uso kwa upindo wa nguo.

"Nimekuwa mtu wa Mafiga tangu kabla ya vita vya Wajerumani," alisema hatimaye. "Nimeingia nyumba za watu hadi Ndorwe, hadi kule chini tambarare. Nimepika katika majiko yao, nimefagia nyua zao. Na katika miaka yote hiyo sijapata kumkuta mwenyewe. Kila nyumba niendayo, mwenyewe ametoka." Aliinuka, akaipanga kata yake kichwani. "Leo nataka kumkuta mtu nyumbani kwake. Nitwisheni."

Wakamtwisha. Nao wakajitwika, hata yule aliyerudi nyuma hatua moja.

Walipanda mgongo wa kwanza kwa kimya cha mazoea. Lakini kimya bila maiti ni mzigo wa pili, na kabla ya kufika kileleni Mama Shoma aliuliza ni nani aliyekuwa akipumua kama fahali, akajibiwa kwamba ni yeye mwenyewe, na kicheko kikashuka mlimani. Kutoka kicheko wakaingia wimbo, wimbo wa kupura maharage, kwa kuwa hawakuwa na wimbo wa safari. Hapajapata kuwa na safari ya kuimbiwa. Walipumzika mahali penye matunda ya porini, wakala. Wako waliokuwa wakiiona nchi ya nyuma ya mlima kwa mara ya kwanza na macho makavu. Nambua peke yake hakuimba. Kila alipokanyaga, aliomba asisikie kilio mbele.

Ndorwe waliwaona kutoka mbali. Desturi ya huko, kama ya kwetu, ni kwamba wenye kuni husimama ukingoni mwa uwanja mpaka mwenye msiba atoke na kutaja jina. Basi Mafiga wakasimama. Mavyaa wa Kundaeli alitoka na ungo wa kunde, akaziona kuni, ungo ukamwanguka.

"Nani?" alilia. "Nani kafa humu ndani nisijue?"

Bibi yule aligeuka, akakimbilia ndani. Kuku wakaja kula kunde zilizomwagika. Nambua alilitazama giza la mlango ule, na kuni kichwani mwake zikawa nzito kuliko zilivyokuwa mlima mzima.

Ndani kulisikika kikohozi. Kisha sauti nyembamba ikauliza, "Ni akina nani hao?"

"Watu wa kwenu," alijibu mavyaa. "Wamekuja na kuni."

Halafu mlangoni akatokea Kundaeli, amekonda, ameshika mwimo kwa mikono miwili, blanketi begani. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, toka Mama Kirita hadi wa mwisho, na macho yake yakatua kwa Nambua. Alielewa. Watu waliochunga mbuzi pamoja hawaelezani sana.

"Nipo," alisema. Akavuta pumzi, akasema tena kwa nguvu zaidi, "Tueni mizigo, jamani. Nipo."

"Kama upo kweli, njoo unishike huku, shingo yakatika!" alisema Mama Shoma, na hapo ndipo kilio kilipozuka, kilio na kicheko kwa pamoja, hata majirani walipofika wakiwa wamejifunga vitambaa vya msiba hawakujua wafanye nini na nyuso zao.

Kuni ziliwashwa. Makande yalipikwa kwa chungu kikubwa cha matanga, Kundaeli akaketishwa karibu na moto, na Nambua akaketi kando yake, goti kwa goti. Kwa kuwa Mafiga hawakujua mazungumzo mengine ya safari, walianza kumsimulia Kundaeli kama isimuliwavyo matangani: alivyokuwa mkarimu, alivyocheza ngoma, siku ile alipovunja mtungi wa mama yake. Lakini mara hii msimuliwa alikuwapo.

"Mtungi aliuvunja Nambua," alisema Kundaeli. "Mimi nilipigwa tu."

"Kweli," alikiri Nambua, na wote wakaangua kicheko, kwa sababu hapakuwahi kuwa na matanga ambamo marehemu alibisha.

Siku ya tatu walirudi. Wazee wa Kighareni walikwisha kusikia, kwa kuwa habari hushuka mlima upesi kuliko watu, nao walikuwa wamekaa barazani wakingoja. Mama Kirita aliulizwa, akajibu kwamba hakuna aliyetamka uongo, kwa kuwa hakuna aliyetamka neno. Wazee walishauriana tangu asubuhi hadi ng'ombe wakarudi zizini. Wengine walitaka chama kivunjwe. Ndipo Kajiru aliposimama, na Nambua, aliyekuwa nyuma kwenye kundi la wanawake, akashika kitambaa chake kwa meno.

"Nilimwambia mke wangu asubiri mpaka mwenzake afe," alisema Kajiru. "Nililiona neno hilo kuwa la utaratibu. Pale ndiva nilipoinama, nililisikia upya, likanitia aibu. Mimi sina la kuwashitaki." Akaketi. Kisha, kana kwamba wazee hawapo, akamgeukia mkewe. "Na hali yake ikoje?"

"Amekula," alijibu Nambua.

Basi shauri likakatwa. Mafiga waende, mara moja kila mwaka baada ya mavuno, kumtembelea mtu aliye hai. Lakini wabebe kuni, na wanyamaze mpaka mtoni, ili kifo kisijue kamwe ni safari ipi ya kilio na ipi ya furaha, kisije kikawafuata ng'ambo. Na wanaume wasiulize.

Kundaeli aliishi hadi masika ya mwaka 1933. Mafiga walikwenda kumzika, na Nambua alimlilia sana. Lakini wasemavyo waliokuwapo, hakulia kilio cha mtu aliyechelewa.

Na tangu shauri lile la wazee, kila mwaka mwezi wa Agosti, akina mama wa Kighareni hutoka kijijini wakiwa kimya, kuni vichwani. Daraja la Mhare lilijengwa mwaka 1962, na chama kikaandikishwa tarehe 14 Mei 1987, kikiwa na sare ya vitenge na mweka hazina. Siku hizi basi dogo la kukodi huwangoja ng'ambo ya daraja, nao huwatembelea wenzao hadi mijini, kwenye nyumba za majiko ya gesi, ambako wapita njia hushangaa kuona kuni zikishushwa kutoka juu ya basi. Wakisha kuvuka mto huimba, huchekana, hulaumiana kwa kuchelewa. Ila wafikapo mlangoni hunyamaza tena wote, wakasimama na mizigo yao vichwani. Hawatui, hata shingo ziume namna gani, mpaka mwenyeji atoke, au kama hawezi, atolewe akiwa ameshikiliwa, awatazame mmoja mmoja, na aseme kwa sauti ya kusikika na wote: "Nipo."