Sabato ya Bondeni na Sabato ya Mlimani

Hadithi hii ni ya kweli kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Haikutiwa chumvi wala maji, na anayeisimulia yuko tayari kuapa kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto pia iwapo wa kulia hautatosha.

Wahenga walisema: kawia ufike. Maana yake ni kwamba afadhali mtu achelewe njiani lakini afike aendako, kuliko aliyetangulia kwa pupa akaishia vichakani. Wengi huitumia methali hii kujitetea wanapochelewa kazini. Waliokuwako Nyamira mwaka wa elfu moja mia tisa sabini na mbili wanajua jinsi Kemuma, binti wa Abner Onyancha, alivyoithibitisha kwa miguu yake miwili.

Kwao Kemuma kulikuwa bonde dogo karibu na Ikonge, lililolala katikati ya vilima kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Asubuhi ukungu ulikaa humo hadi maziwa yote yakamuliwe na uji unywewe. Jioni jua lilijificha mapema nyuma ya kilima cha magharibi, na watu wa bondeni wakawasha taa wakati ambapo watu wa kule juu walikuwa bado wameanika nafaka ya wimbi. Mgeni aliyepita hapo alihisi kwamba siku ya watu hawa ilikatwa kwa kitambaa kifupi.

Abner alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato la bondeni, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kugonga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha chuma cha plau kilichoning'inizwa mtini. Ijumaa jioni kivuli cha kilima kilipogusa kizingiti cha kanisa, Abner aligonga, na Sabato ikaingia. Jumamosi kivuli kilipogusa kizingiti kilekile, aligonga tena, na Sabato ikatoka. Saa hakuwa nayo wala hakuitaka. Saa, alisema, hutengenezwa na watu, na watu ni wasahaulifu.

Kemuma naye alijaliwa mbio. Mama yake, Drusilla, alipomtuma chumvi dukani alitema mate chini kama akina mama wa zamani walivyofanya, akamwambia arudi kabla hayajakauka. Watoto wengine walirudi mate yakiwa yamekauka na mama amekaukiwa na maneno pia. Kemuma alirudi kabla mate hayajagusa ardhi. Hilo halina shaka; kuku wa boma lile walishuhudia.

Mwaka ule alikuwa ameyarudia masomo ya darasa la saba mara mbili, na mara zote mbili mtihani ulimpiga teke kama punda. Barua za shule hazikuja. Aliyekuja ni mfanyabiashara mmoja wa Mosocho aitwaye Ondieki, mwenye meno mawili ya dhahabu, ambaye alikunywa chai kwa Abner mara tatu na kila mara akasifu mgongo wa Kemuma jinsi ulivyonyooka. Drusilla aliona siku ya posa ikikaribia.

Ndipo Mwalimu Fred Amolo alipoleta habari. Amolo alikuwa mtu wa kando ya ziwa, mrefu kama mlingoti, aliyefundisha hesabu na kusimamia michezo. Alisema shule moja ya bweni ya wasichana inatafuta wakimbiaji. Kutakuwa na mbio za maili nne, kutoka uwanja wa shule bondeni, kupanda kilima, kushuka upande wa pili mpaka soko la Ikonge. Wanne watakaofika mbele watapewa nafasi kidato cha kwanza, bila kuulizwa tena habari za mtihani. Kemuma aliposikia alihisi kana kwamba mtu amefungua dirisha katika chumba alichodhani hakina dirisha.

Kisha Amolo akataja siku. Jumamosi, saa kumi jioni.

Abner alisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika kofia yake magotini. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliofanya neno lake liwe gumu kama gome la mkaratusi.

"Mwanangu," alisema, "siku sita ni zako. Kimbia mpaka ardhi ichoke. Ya saba ina mwenyewe."

"Na kengele ikishalia, Tata?"

"Kengele ikishalia, miguu ni yako."

Amolo alicheka, akasema kwamba saa hizo wenzake watakuwa wamekwisha kuoga na kula. Alikwenda hata hivyo kuwasihi waandalizi, na akarudi akiwa amenywea. Msimamizi wa mbio, Bwana Jeconia, alikuwa amemwuliza kama anataka wasichana wakimbie na vibatari kichwani.

Ijumaa, siku ya maandalio, Drusilla alipika chakula cha kesho yake, akachota maji, akapasua kuni, akapiga pasi nguo za kanisani. Kisha akaweka makaa mapya ndani ya pasi na kunyoosha kaptura ya mbio ya Kemuma, polepole, kana kwamba ni kitambaa cha meza ya Bwana. Mumewe alimtazama.

"Mimi napiga pasi tu," Drusilla alisema. "Nguo haina dini."

Jumamosi ikapambazuka kama lulu. Lakini mbingu za Kisii zina tabia ya mtoto mchanga: asubuhi huchekelea, alasiri hulia. Saa kumi kasorobo, wakati wasichana kumi na mmoja walikuwa wakinyoosha viungo uwanjani, wingu jeusi lilipanda kutoka upande wa ziwa. Ikaja mvua ya mawe. Kila jiwe lilikuwa kama yai la kanga. Migomba ilichanika ikawa kama nywele za mwendawazimu, na jogoo mmoja wa pale shuleni alizirai na kuzinduka akiwa mpole hadi alipochinjwa. Wakimbiaji, walimu na Bwana Jeconia walikimbilia paa lililokuwa karibu, nalo lilikuwa la kanisa la Abner. Wakakaa humo miongoni mwa waumini, wakitiririka maji, huku nyimbo zikishindana na kishindo cha mabati. Kemuma alikaa kati ya mama yake na Mwalimu Amolo. Ndani ya ule mngurumo aliona kama yuko chini ya maji, na nyimbo zinamfikia kutoka pwani ya mbali.

Mvua ilipokatika dunia ilikuwa nyeupe. Mawe yalijaa katikati ya michai kama chumvi iliyomwagwa na jitu, na jua, likiwa limebakiza njia fupi kufika kilimani, liliyawasha yote. Bwana Jeconia akatazama saa yake. Lori la kuwarudisha wasichana wa shule nyingine lilikuwa likingoja Ikonge. Akaamuru mbio zianze mara moja, giza lisije likawakuta.

Wasichana kumi na mmoja wakajipanga. Wa kumi na mbili alisimama kando ya mstari, amevaa kaptura chini ya gauni lake la kanisani, akitazama mlango wa kanisa.

"Huyo anangoja nini?" aliuliza Bwana Jeconia.

"Kivuli," alijibu Amolo.

"Kivuli cha nani?"

"Cha kilima, bwana. Ni habari ndefu."

Bwana Jeconia hakuwa na nafasi ya habari ndefu. Alipuliza filimbi, na matope yakaruka. Kivuli kilikuwa kimefika kwenye ua wa maua, hatua saba kutoka kizingitini. Amolo akainama, akamwambia Kemuma kwa sauti ya chini kwamba kwao ziwani jua huzama wima mbele ya watu wote, halina kilima cha kujifichia, na mambo kama haya hayamsumbui mtu.

"Hatua saba tu," alisema. "Mungu atakunyima shule kwa hatua saba?"

"Mwalimu, tangu jana jioni nimekula ng'ombe mzima," alisema Kemuma. "Nisishindwe na mkia."

Kivuli kilitambaa kama paka anayenyatia. Wasichana walikuwa wamekwisha kufika kwenye kona ya kwanza ya kilima, rangi za nguo zao zikipungua. Abner alisimama chini ya mti, nyundo mkononi. Hakuuharakisha mkono. Kivuli kilipogusa kizingiti, aligonga. Kabla mlio haujaisha, gauni lilikuwa mikononi mwa Drusilla na Kemuma alikuwa amevuka uwanja.

Alipanda kilima kile kama moshi. Bonde lilibaki nyuma yake katika rangi ya majivu, na sauti za waumini wakiagana zikawa ndogo kama za nyuki. Alipita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafika kileleni, na jua likampiga usoni.

Hakulitarajia. Lilikuwa limekaa juu ya vilima vya mbali, kubwa, jekundu, limebakiza upana wa vidole viwili. Kemuma akapunguza mwendo. Bondeni Sabato ilikuwa imetoka; huku juu ilikuwa ingali imekaa kitako. Miaka yote alikuwa amepita hapa akiwa na kikapu cha majani chai, siku za kazi, na hakuwahi kufikiria kwamba siku takatifu inaweza kuisha mguuni pa kilima na kuendelea kichwani pake. Kengele ya baba ilikuwa imemruhusu. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Akilini alimwona Ondieki wa Mosocho akimimina chai kwenye kisahani, meno yakimeta. Aliiona shule ambayo hakuwahi kuiona. Kisha akaliona jua, na jua, alihisi, lilikuwa linamtazama yeye tu.

Akasimama.

Kusimama kule ndiko watu wa Nyamira wanakokusimulia mpaka leo. Alisimama juu ya nyasi zilizojaa barafu, jasho likifuka mabegani mwake, mikono imelegea kama ya mtu aliye katika ndoto. Chini ya miguu yake, upande wa pili, ukungu ulikuwa ukipanda kutoka kwenye mawe yanayoyeyuka. Ulijaza makorongo, ukafunika mashamba, ukafunika barabara, ukawa ziwa la maziwa lililotiwa dhahabu. Vilele vya mikaratusi iliyopandwa kando ya barabara vilichomoza juu yake kama meno ya kitana, vikishuka kwa mstari mpaka Ikonge. Ndani ya maziwa yale alizisikia sauti za wenzake. Ajabu ni kwamba hazikuwa kwenye mstari wa mikaratusi. Zilikuwa kushoto, mbali, katikati ya michai, zikiulizana njia iko wapi.

Jua nalo, kwa kuona heshima aliyopewa, lilisita. Lilikaa palepale muda mrefu kuliko desturi, likazama kwa aibu. Kemuma akavuta pumzi na kushuka.

Aliushika mstari aliouona kutoka juu. Ndani ya ukungu alifuata harufu ya mikaratusi na kuigusa mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu watoto wake waliolala. Kushoto kwake wale waliotangulia walizunguka mashambani. Aliyekuwa mbele alikuwa amekata njia ya wachuma chai akidhani ni barabara, na wengine, kwa kuogopa kuachwa, wakamfuata kwa kasi ileile. Kemuma aliwaita. Alitoka ukunguni penye taa ya karabai ya sokoni, akaikata kamba ya mgomba kwa kifua, wa kwanza, akiwa ameacha mwanya mkubwa hata Bwana Jeconia alimaliza kikombe cha chai kabla ya wa pili kutokea.

Hapa ndipo msimulizi alipokamatwa. Alikuwa akiisimulia hadithi hii kwenye kituo cha kununulia chai, watu wameketi juu ya vikapu wakingoja lori, naye hakutazama nyuma. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekuja likizo, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, aliweka kikapu chake chini.

"Mzee, nilikuwa wa nne," alisema Kemuma.

Watu wakageuka. Aliendelea bila haraka. Watatu hawakupotea, walifika mbele yake. Wanane ndio waliopotea, na alipowaita, mmoja wao karibu ampite pale sokoni. Alianguka mtaroni mara moja na kupoteza kiatu. Mawe ya mvua yalikuwa kama maharagwe. Na jua halikusita hata kidogo. Kama lingesita, angekuwa wa tano, na leo angekuwa akiuza vitambaa dukani kwa Ondieki, Mosocho.

"Lakini ulisimama kileleni?" aliuliza mzee, jasho likimtoka.

"Nilisimama."

Msimulizi akauliza kwa unyonge baba yake alisema nini alipojua. Kemuma akatabasamu. Alisema Abner alikiri kwamba kumbe miaka yote amekuwa akimpa Mungu nusu saa Ijumaa na kuichukua tena Jumamosi, na kwamba mwenye kufahamu hesabu ile alikuwa mtoto. Tangu wiki ile, Jumamosi, alipanda kilimani kuliaga jua huko kabla ya kushuka kugonga chuma.

Wachuma chai walikaa kama baraza, wakamhukumu mzee abebe kikapu cha Kemuma mpaka mizani, na baada ya mizani amchumie mistari mitatu ya chai. Alibeba. Alikwenda kwa kujikokota, akipitwa na watoto na mbuzi, mgongo ukilia, huku ukweli, ambao nao ulikuwa umechelewa miaka mingi, ukitembea kando yake na kumsaidia mpini wa kikapu. Wa kwanza au wa nne, binti yule alifika. Na wahenga hawakukosea waliposema, kawia ufike.