Akina Milia Watano na Mkia wa Mwanashungi

Paukwa!

Pakawa!

Aliyeitika na tonge mdomoni ameze kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na birika, na ndani ya birika pakawa na balaa.

Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa wakisema na watu na watu wakiwajibu, palikuwa na mwanamke aitwaye Bi Mize. Uani kwake palikuwa na birika la mawe, la maji ya kuogea na kufulia. Kama ilivyokuwa desturi ya mji ule, ndani ya birika alifuga samaki ili wale viluwiluwi vya mbu. Asiyefuga samaki alifuga mbu, na aliyefuga mbu alifuga homa.

Katika birika hilo aliishi Kambale, mzee mwenye ndevu ndefu na akili za kawaida. Aliishi Konokono, mama wa watoto ambao mwenyewe alishaacha kuwahesabu. Na aliishi Mwanashungi, samaki mzuri mwenye mkia mrefu uliomfuata nyuma kama kanga ya bi harusi. Mwanashungi hakujua kukimbia. Angekimbilia wapi?

Siku moja Bi Mize aliona mbu wamezidi. Akachukua ndoo na kikapu, akaenda mtoni, akarudi na samaki watano wenye milia myeusi, kila mmoja sawa na kidole gumba. Kule mtoni walikuwa mamia kwa mamia, lakini yeye alisema, "Watano wanatosha. Birika si bahari."

Akawamwaga ndani. Hata maji hayajatulia, wakamwona Mwanashungi.

"Jamani," akasema Kisu, aliyekuwa mkubwa wao, "ile inayoburuta ni nini?"

"Mkia."

"Wote ule?"

"Wote."

"Wa mtu mmoja? Huo ni uchoyo."

Basi wakamfuata kwa kundi, huku wakiimba:

Bi harusi, bi harusi,
vazi lako laburuta!
Tulia tulipunguze,
watu wapate kupita!

Wakanyofoa kipande cha mkia, wakakitema, maana hata utamu hakikuwa nao. Kisha wakarudi wakanyofoa kingine.

Mwanashungi akaenda kwa Kambale, analia. "Mzee wangu, wananimaliza. Mkia huu ukiisha, nitaogeleaje? Nitazama kama kijiko, nife huko chini."

Kambale akapapasa ndevu zake. "Watoto hawa hawajapata nasaha," akasema.

Akaita baraza. Akawapa akina Milia nasaha tangu asubuhi mpaka adhuhuri, kuhusu ujirani, kuhusu wema, na kuhusu yeye mwenyewe alipokuwa kijana. Wale watano wakatulia tuli, wanamtazama.

"Mmenisikia?"

"Tumekusikia, babu. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mnaona?" Kambale akawaambia wengine. "Watoto wana adabu hawa."

Hajafunga mdomo, Kisu amemnyofoa udevu mmoja. Wenzake wanne wameshamfikia Mwanashungi.

Bi harusi, bi harusi,
vazi lako laburuta!
Tulia tulipunguze,
watu wapate kupita!

Mkia ukabaki nusu.

Mwanashungi akarudi kwa Kambale. Kambale akapapasa ndevu zilizobaki. "Sasa nimejua," akasema. "Wana njaa. Mwenye njaa haambiliki. Walisheni."

Siku hiyo birika zima lililala njaa ili akina Milia wale. Wakapewa viluwiluwi vinono, wakapewa na punje za wali alizomwaga Bi Mize akiosha sufuria. Wakala, wakala, matumbo yakawa duara. Kisha wakajinyoosha.

"Ahsanteni," akasema Kisu. "Tulikuwa tumeanza kuchoka. Sasa tuna nguvu."

Bi harusi, bi harusi,
vazi lako laburuta!

Safari hii hawakuumaliza wimbo, walikuwa na kazi.

Mwanashungi akarudi mara ya tatu, anaogelea upande upande. Kambale akasema, "Basi dawa ni moja. Wapunguzwe. Watano ni wengi." Na wote wakaona hilo ni neno, kwa sababu lilisemwa kwa sauti nzito.

Bi Mize alipokuja kuteka maji, povu la sabuni limempanda mpaka viwiko, Kambale akajitokeza juu akamweleza.

"Nina nguo za watu wanane," akasema Bi Mize, "nanyi mnaniletea kesi ya mkia?"

Hata hivyo akaingiza mkono, akatoa Milia wawili, akawatia katika chungu cha maji kando ya mlango. Kisha akainama juu ya birika. "Sikilizeni nyote. Nikisikia malalamiko tena, birika zima naligeuza kitoweo. Nazi ninayo."

Wakabaki Milia watatu. Na watatu hao, jamani, walikuwa wabaya kuliko watano! Wale watano walikuwa wakipata muda wa kusukumana wenyewe kwa wenyewe, na Mwanashungi akapumua kidogo. Hawa watatu walimaliza kusukumana kabla jua halijachomoza vizuri, halafu wakawa na siku nzima mbele yao. Mkia wa Mwanashungi ukawa kama mswaki uliotafunwa mwaka mzima. Akazama mpaka chini, akalala ubavu, akangoja kufa. Wala hakulalamika, maana aliikumbuka ile nazi.

Hapo ndipo Konokono alipofika. Alikuwa ameanza safari kutoka ukutani tangu siku ya baraza.

"Poleni, nimekawia," akasema. "Kisu, hebu njoo hapa, mwanangu. Kule mtoni mlikuwa wangapi?"

Kisu akashangaa. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu. "Hatuna idadi, mama. Ukigeuka hivi, Milia. Ukigeuka hivi, Milia."

"Na mlikuwa mkifanya nini kutwa?"

"Tunapigana. Nani atangulie, nani akae kwenye kivuli, nani kamtazama nani vibaya. Mpaka jua linazama bado hatujamaliza."

"Na wenye mikia mirefu walikuwapo?"

"Labda walikuwapo. Nani alikuwa na nafasi ya kuwaangalia?"

Konokono akatikisa pembe zake, akapanda mpaka juu, akamwita Bi Mize. "Mama, warudishe wale wawili. Kisha nenda mtoni ukaongeze ishirini."

Kambale akacheka mpaka akameza tope. "Gamba la huyu limeingia maji!"

Bi Mize naye akashika kiuno. "Ishirini? Watano tu wamenishinda!"

"Bi Mize, una watoto wangapi?"

"Saba."

"Ulipokuwa na mmoja, alikuwa akimchokoza nani?"

Bi Mize akafikiri. "Mimi," akasema. "Mimi na paka."

"Na sasa?"

Kutoka ndani ya nyumba ikasikika sauti: "Mamaaa! Kanifinya!" Na nyingine: "Muongo, yeye ndiye kaanza!" Na ya tatu: "Nami mnanikanyagia nini?"

Bi Mize hakugeuza hata shingo. "Sasa wanachokozana wenyewe," akasema polepole. "Na paka amenenepa."

Akachukua ndoo na kikapu.

Jioni ile akina Milia ishirini na wawili walimwagwa ndani ya birika. Kisu akakutana uso kwa uso na mmoja mkubwa kuliko yeye.

"Wewe nani?" akauliza Kisu. "Hapa mkubwa ni mimi."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Nani kakuuliza?"

Vita vikaanza. Nani atangulie, nani akae kwenye kivuli, nani kamtazama nani vibaya. Walifukuzana kuzunguka birika, wakageuka, wakafukuzana upande wa pili. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeumia sana, kwa kuwa wote walikuwa na meno sawa na mbio sawa.

Mwanashungi alilala chini akingoja mwisho wake. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita. Siku ya tatu akamwona Kisu anamjia mbio, moja kwa moja. Akafumba macho.

"Nipishe, bibi, nipishe!" akapiga kelele Kisu. "Nafukuzwa!"

Akampita, na nyuma yake wakampita Milia tisa. Hata mmoja hakumtazama.

Mkia wa Mwanashungi ukaota. Kwanza ukaota mwembamba kama ganda la kitunguu, kisha ukakua, ukaburuta kama zamani. Viluwiluwi navyo vikaisha, mbu wakahamia kwa jirani. Kambale akawaambia wote kwamba shauri la kuongeza Milia lilikuwa lake. Konokono hakubisha. Alikuwa njiani kurudi ukutani.

Basi jueni: mchokozi ukimpunguzia wenzake, hukupunguza uchokozi. Umempunguzia wa kugawana nao, na fungu lililobaki atampa mnyonge. Mpe wa kiasi chake, mwenye meno kama yake, kisha wewe nenda kafue nguo.

Ngano yangu imefika ukingoni. Utamu wake gawaneni bila kugombana. Uchungu wake niachieni mimi, nimezoea kula ukoko.